Mtandao umekatika au umekatwa?

Ipo sentensi moja ambayo imezoeleka mno katika ofisi, benki, shule na vyuo vya nchi hii. Nayo ni hii: "Mtandao umekatika." Mzazi aliyefunga safari kutoka Gatanga hadi Thika kulipa karo huambiwa hivyo, akarudi alikotoka na pesa zake mkononi. Mwanafunzi wa Ruiru anayetaka kutuma ombi la nafasi ya chuo siku ya mwisho huambiwa hivyo, akabaki ameduwaa mbele ya kompyuta. Mwalimu anayeingiza alama za watahiniwa huambiwa hivyo, akakesha. Ajabu ni kwamba hakuna aulizaye swali la pili. Sentensi hiyo imekuwa kama amina: ikishatamkwa, watu huinuka wakaenda zao.

Mimi si mhandisi wa mitambo. Kazi yangu ni kufundisha isimu, ndiposa jicho langu huangukia kitenzi kabla ya kitu kingine chochote. Kila aliyepitia somo la Kiswahili katika shule ya upili anaijua tofauti iliyopo baina ya kauli ya kutendwa na kauli ya kutendeka. Tukisema "kikombe kimevunjwa na Juma", mtenda yupo na jina lake limetajwa. Tukisema "kikombe kimevunjika", Juma ametoweka. Wala si kwamba tumemsahau tu. Sarufi yenyewe haimpi kiti. Mwanafunzi atakayeandika "kikombe kimevunjika na Juma" atapigiwa mstari mwekundu, na mwalimu wake atakuwa hakumwonea.

Lugha ilitupa kauli hiyo kwa sababu njema. Yako mambo yanayotokea pasi na mkono wa mtu: kamba huchakaa ikakatika, mtungi hupata ufa ukavunjika. Lakini kauli hiyo hiyo ni maficho mazuri. Mtoto aliyeangusha sahani huikimbilia upesi: "Mama, sahani imevunjika!" Hoja yangu leo ni kwamba taasisi zetu zimejificha katika kauli ya mtoto huyo, ilhali mitambo yenyewe, ile inayosemekana kuwa imekatika, haizungumzi hivyo hata kidogo. Mitambo hutaja ni nani aliyevunja mazungumzo, saa ngapi, na kwa sababu gani. Sisi ndio tunaoyafuta majibu hayo kabla hayajamfikia mwananchi.

Yafaa kwanza tueleze huu mtandao ni kitu gani, kwa maana wengi wetu huudhania kuwa ni kitu kimoja, mithili ya bomba linaloteremsha maji ya Ndakaini hadi Nairobi. Sivyo. Intaneti ni muungano wa makumi ya maelfu ya mitandao, na kila mmoja una mwenyewe: chuo, benki, kampuni ya simu, idara ya serikali. Kila mtandao wa aina hiyo una nambari yake ya utambulisho, na mlangoni pake pamewekwa mtambo uitwao ruta, ambao kazi yake ni kuamua kila kifurushi cha habari kipitie njia ipi. Hata hivyo, ruta iliyoko Thika haiwezi kuijua njia ya kwenda Kampala au London kwa akili yake yenyewe. Sharti iambiwe na jirani. Jirani huyo kwa kawaida ni ruta ya kampuni inayokiuzia chuo huduma, ambayo nayo ina jirani aliye juu yake, naye ana wa juu yake, hadi tufikie kebo zinazotua Mombasa kutoka baharini.

Mazungumzo baina ya ruta hizi jirani hufuata itifaki ijulikanayo kwa herufi tatu, BGP. Asili yake si ya makuu. Mnamo Januari 1989, wahandisi wawili, Kirk Lougheed wa kampuni ya Cisco na Yakov Rekhter wa IBM, walikutana katika mkutano mjini Austin, Marekani, wakachora mawazo yao kwenye karatasi za kupangusia mikono mezani pa chakula. Kufikia Juni mwaka huo maandishi ya kwanza ya itifaki hiyo yalikuwa yamechapishwa. Toleo la nne, ambalo ndilo linalotumika hadi leo, lilianza katikati ya miaka ya 1990, na kanuni zake zikaandikwa upya Januari 2006. Kwa itifaki hii ruta za ulimwengu hupashana habari za njia ambazo sasa zinafikia takriban milioni moja.

Kinachomvutia mtu wa isimu ni kwamba ruta mbili zikizungumza huwa na aina nne kuu za kauli. Ya kwanza ni ya kufungua mazungumzo: kila upande hujitambulisha kwa nambari yake na kutaja muda ambao uko radhi kuvumilia kimya cha mwenzake. Muda huo usipolingana, hufuatwa ule mfupi. Ya pili ni taarifa: "Njia hizi zapitia kwangu, hizi nyingine nimeziondoa." Ya tatu ni salamu. Ya nne ni ya kuaga.

Hebu tuitazame hiyo ya tatu. Salamu ya ruta ina baiti 19 tu, na ndani yake hamna habari yoyote. Ni kichwa cha barua kisicho na barua. Mwaka wa 1923 mwanaanthropolojia Bronislaw Malinowski alieleza kwamba sehemu kubwa ya maneno ya binadamu haipelekwi kwa ajili ya habari, bali kwa ajili ya kudumisha uhusiano baina ya wasemaji. Mswahili hakuhitaji kuambiwa hayo. Anayeulizwa "Hujambo?" hujibu "Sijambo" hata akiwa na homa, kwa kuwa anachoulizwa hasa ni kama yupo na kama bado wanasikizana. Ruta nazo ni vivyo hivyo. Kila baada ya muda mfupi moja humwambia mwenzake "nipo", naye hujibu "nami nipo".

Je, salamu zikikoma? Kanuni za mwaka wa 2006 zilipendekeza kwamba kimya kivumiliwe kwa sekunde 90. Ruta nyingi zilizo sokoni hutoka kiwandani zikiwa zimewekewa sekunde 180, na salamu hupelekwa kila baada ya sekunde 60. Muda huo ukipita bila neno lolote, ruta huhitimisha kwamba jirani amekufa. Hapo hukivunja kikao, na pamoja na kukivunja husahau kila njia iliyofundishwa na jirani huyo. Chuo kisicho na jirani mwingine huwa kimebaki kisiwani. Hicho ndicho tunachokiita "mtandao umekatika".

Sasa tuje kwenye ile kauli ya nne, ambayo ndiyo kiini cha makala haya. Ruta inapoamua kuvunja kikao, itifaki huitaka iage kwa kutaja sababu, na sababu hiyo huandikwa kwa nambari. Nambari 2 husema kwamba pande mbili hazikuelewana tangu kufungua mazungumzo, labda kwa sababu mmoja alijitaja kwa nambari ambayo mwenzake hakuitarajia. Nambari 4 husema kwamba muda wa kuvumilia kimya umekwisha. Nambari 6 husema kwamba upande mmoja umeacha mazungumzo kwa hiari yake, ama kwa kuwa msimamizi ameamuru hivyo, ama kwa kuwa jirani alipeleka njia nyingi kuliko idadi waliyokubaliana. Kuaga huku huandikwa katika kumbukumbu za ruta, pamoja na saa na dakika. Kweli, mtambo uliozimika ghafla kwa kukosa umeme haupati nafasi ya kuaga. Lakini hata kimya hicho huandikwa na jirani aliyesalia, naye huandika saa.

Fundi mwenye kusoma kumbukumbu hizo kwa makini hana haja ya kubahatisha. Swali lake la kwanza ni kama waya wenyewe ni mzima: je, mwanga ungali unapita katika kebo ya faiba, na je, umeme upo? Katika ukanda wetu swali hili halipuuzwi, kwa kuwa barabara ya Thika na vichochoro vya Ruiru na Juja ni mahali pa kuchimbuliwa kila siku, mara kwa mabomba ya maji, mara kwa majengo mapya, na jembe la mashine halijui faiba na mzizi. Swali la pili ni kama kikao kinakataa kufunguka kabisa, au kinafunguka kisha kinaanguka. Kikao kisichofunguka kamwe huelekeza kwenye masharti: anwani iliyokosewa, nambari ya mtandao iliyokosewa, ukuta wa usalama unaofunga mlango, au nenosiri lisilofanana pande mbili. Kikao kinachofunguka kisha kikaanguka huelekeza kwingine, na hapo ndipo saa za kuanguka huwa ushahidi mkubwa. Kikiwa kinaanguka saa nne asubuhi wanafunzi wanapofurika katika maabara za kompyuta, yawezekana njia imejaa hata salamu zenyewe zinapotelea katika msongamano.

Hapa pana mtego wa lugha ambao umewaponza wengi. Ruta huonyesha hali ya kikao kwa maneno ya Kiingereza, na mojawapo ni "Active". Asiyejua akiliona hudhani kikao ki hai na kinafanya kazi. Kumbe katika itifaki hii neno hilo lina maana iliyo karibu na kinyume chake: ruta bado inahangaika kumtafuta jirani, na kikao hakijafunguka. Kikao kilichokamilika huitwa kwa neno jingine kabisa. Tunaowafundisha vijana habari za maneno rafiki na maneno laghai katika tafsiri twaweza kuuongeza mfano huu, maana hapa neno laghai limo ndani ya lugha moja.

Nitatoa mfano mmoja nilioushuhudia kwa karibu. Katika chuo kimoja cha ukanda huu, ambacho sitakitaja, intaneti ilianza kukatika na kurudi mchana kutwa katikati ya msimu wa mitihani inayofanywa kwa kompyuta. Wasimamizi wa chuo walisema tatizo ni la kampuni inayouza huduma. Kampuni ikajibu kwamba kumbukumbu zake zinaonyesha wazi kuwa ni ruta ya chuo ndiyo iliyokuwa ikikivunja kikao. Barua zikapishana kwa siku kadhaa. Wakati huo watahiniwa walikuwa wakipoteza kurasa walizokwisha jaza, na baadhi yao wakaandikiwa kwamba hawakuufanya mtihani.

Mwishowe fundi mmoja kijana aliketi akazisoma saa. Aliona kwamba kikao kilikuwa kikifunguka vizuri, kikidumu dakika tatu, kisha kikianguka. Kikafunguka tena, kikadumu dakika tatu nyingine. Kikombe hakivunjiki kwa saa. Dakika tatu ni sekunde 180, yaani muda ule ule wa kuvumilia kimya. Nambari ya kuaga nayo ilikuwa 4. Basi akajiuliza: ni jambo gani linaloruhusu maneno ya kufungua mazungumzo yapite, kisha likaziba kila kinachofuata? Akajaribu kupeleka vifurushi vya ukubwa mbalimbali huku amekataza visigawanywe njiani. Vidogo vilifika. Vikubwa vilipotea.

Sababu ilikuwa hii. Kifurushi cha kawaida hufikia baiti 1500. Mahali fulani kati ya Thika na Nairobi mawasiliano yalikuwa yamehamishiwa kwenye njia ya muda, ambayo huvalisha kila kifurushi vazi la ziada la baiti 24, hivyo nafasi iliyobaki ikawa baiti 1476, na hakuna aliyeziarifu ruta mbili kuhusu badiliko hilo. Maneno mafupi ya kujuana yalipita bila shida. Kampuni ilipoanza kupeleka orodha ndefu ya njia, vifurushi vilivyojaa vilikwama. Kwa kuwa mazungumzo hayo huenda kwa foleni, salamu zilizokuwa nyuma ya orodha zilikwama pia. Ruta ya chuo ikangoja, ikahesabu sekunde 180, ikahitimisha kwamba jirani amekufa, ikaaga. Fundi aliporekebisha ukubwa wa vifurushi pande zote mbili, kikao kilisimama imara.

Msomaji aangalie funzo lililomo humu. Kampuni ilisema kweli kwamba chuo ndicho kilichokivunja kikao. Chuo nacho kilisema kweli kwamba kosa halikuwa kwake. Mtenda na kisababishi ni vitu viwili. Aliyekata simu huenda amekata kwa kuwa upande wa pili haukusikika. Kwa hiyo haitoshi kuitoa sentensi katika kauli ya kutendeka na kuitia katika kauli ya kutendwa. Sharti tuipe pia kishazi cha pili. Umekatwa na nani, na kwa sababu gani? Siku zile zote za barua kila upande ulikuwa na nusu ya sentensi, na kila upande uliridhika na nusu yake.

Kuna atakayesema kwamba hayo ni mambo madogo ya mafundi. La, hasha. Historia ya intaneti katika taifa letu ni historia ya kitenzi hiki hiki. Mnamo Novemba 2000 kampuni za intaneti za Kenya zilifungua jijini Nairobi kituo cha kubadilishana mawasiliano, KIXP, ili ujumbe kutoka mtandao mmoja wa Kenya kwenda mwingine usilazimike kupaa kwa setilaiti hadi ng'ambo na kurudi. Hazikupita wiki nyingi, kituo kikafungwa. Hakikufungika, kilifungwa. Tume ya Mawasiliano iliamuru kifungwe baada ya Telkom Kenya kulalamika kwamba kilikiuka haki yake ya pekee ya kusafirisha mawasiliano ya kimataifa. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Faida yake ilikuja kupimwa: utafiti uliotolewa na Internet Society mwaka wa 2012 ulionyesha kwamba muda wa ujumbe kwenda na kurudi ulipungua kutoka milisekunde kati ya 200 na 600 hadi kati ya 2 na 10, na kwamba kampuni zilikuwa zikiokoa karibu dola milioni 1.5 kwa mwaka. Kwa kuwa aliyefunga alijulikana na sababu yake ilijulikana, wenye kampuni walikuwa na mtu wa kumwendea na hoja ya kuijibu.

Februari 2012 kebo ya TEAMS ilikatwa karibu na Mombasa na nanga ya meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandarini. Mtenda alitajwa, hata kama ni chuma. Mei 12, 2024, kebo za EASSy na Seacom zilipata hitilafu karibu na pwani ya Afrika Kusini, na nchi nyingi za Afrika Mashariki zikahisi. Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa taarifa ikieleza ni kebo zipi zilizoathirika, na kwamba TEAMS ilikuwa nzima na ilikuwa ikitumiwa. Intaneti ilikwenda kwa mwendo wa kobe kwa siku kadhaa, lakini mwananchi alikuwa na sentensi kamili.

Linganisha na yaliyotukia majuma sita baadaye. Juni 25, 2024, siku waandamanaji waliopinga Mswada wa Fedha walipoingia Bungeni, intaneti ilizorota kote nchini. Siku iliyotangulia Mamlaka ilikuwa imetangaza kwamba haina nia ya kuizima. Safaricom ilieleza kwamba kebo mbili za chini ya bahari zilikuwa na hitilafu. Wengi hawakuridhika na maelezo hayo, na suala likafika mahakamani. Mei 2025 Mahakama Kuu ilitoa amri ya muda kuzuia uzimaji wa intaneti. Sina nia ya kuiamulia mahakama kesi yake. Ninachosema ni kwamba mahali ambapo wananchi wamezoea kuambiwa "umekatika" pasi na ushahidi, hata anayesema kweli huwa hana njia ya kuaminiwa. Ubaya ni kwamba, wakati mwingine, mkono wa mtu ulikuwepo kweli na ulikiriwa: mwaka wa 2024, wakati wa mtihani wa KCSE, Mamlaka iliziagiza kampuni ziufunge mtandao wa Telegram ili kuzuia wizi wa mtihani. Mtu aweza kuiunga mkono hatua hiyo au kuipinga. Muhimu ni kwamba anajua anaunga mkono nini na anapinga nini.

Nao wakubwa wa ulimwengu hawajaepuka. Oktoba 4, 2021, Facebook na WhatsApp zilitoweka duniani kote kwa muda wa karibu saa sita. Kampuni hiyo ilieleza baadaye kwamba amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida iliukata uti wa mgongo wa mtandao wake, na ruta zake zikaacha kuwatangazia majirani njia za kufika kwake. Maelezo hayo yalichapishwa muda mfupi baadaye, yakitaja amri hiyo, kasoro ya programu iliyopaswa kuizuia, na yaliyofuata. Ikiwa kampuni yenye mabilioni ya wateja iliweza kuandika sentensi yenye mtenda na sababu, chuo chenye wanafunzi elfu chache kina udhuru gani?

Kutokana na hayo, ninapendekeza mambo manne.

La kwanza, kila chuo na kila shule yenye huduma ya intaneti iwe na daftari la hitilafu, lililo wazi kwa walimu na wanafunzi. Kila kikao kikianguka, iandikwe sentensi moja: saa ngapi, na jirani yupi, nani aliyevunja, kwa nambari gani, na kilirudi lini. Wapo watakaodai kwamba hiyo ni siri ya usalama. Siyo. Nenosiri ni siri. Saa ya kuanguka si siri, kwa kuwa walioathirika wote waliiona.

La pili, na hili ndilo zito zaidi kwangu, kanuni za mitihani ya kompyuta zitambue daftari hilo kuwa ushahidi. Kwa sasa mtahiniwa anayekatiziwa mtihani ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba hakuwa mzembe. Atathibitisha kwa nini? Ruta ndiyo iliyoona. Ikiwa kumbukumbu zinaonyesha kwamba kikao kilianguka saa nne na dakika kumi na kurudi saa nne na nusu, basi dakika ishirini hizo ni za mwanafunzi, arudishiwe bila kupiga magoti.

La tatu, taasisi zenye uwezo ziwe na majirani wawili, na wawe wawili kweli. Kampuni mbili ambazo faiba zao zimelala katika mtaro mmoja kando ya barabara ya Thika ni sawa na mitungi miwili inayotekwa kisima kimoja. Siku mashine ya kuchimbua itakapopita, zote zitakwenda. Vyuo vya nchi hii vilikwishaona faida ya kushirikiana vilipounda mtandao wa elimu wa KENET mwaka wa 1999. Ushirikiano huo huo waweza kutumiwa kudai ramani za mitaro kabla ya kutia sahihi kandarasi. Aidha, ikumbukwe kwamba kikao kinachoanguka na kurudi kila mara ni kibaya kuliko kinavyoonekana. Mitandao ya mbali yaweza kuamua kuipuuza kwa muda njia inayotangazwa na kuondolewa mara kwa mara, jinsi watu wanavyomwacha msemaji anayekula kiapo na kukitangua.

La nne linatuhusu sisi walimu wa Kiswahili. Tusiwaachie mafundi peke yao kazi ya kueleza mambo haya. Maneno tunayo: njia, jirani, kikao, salamu, kuaga. Katika makala haya nimeyatumia hayo kueleza itifaki inayoendesha intaneti ya ulimwengu, wala sikuona lugha yetu ikipungukiwa. Mwalimu anayefundisha kauli za vitenzi Thika au Ruiru awaache Juma na kikombe kwa siku moja. Aandike ubaoni "mtandao umekatika", awaombe wanafunzi waigeuze sentensi hiyo iwe katika kauli ya kutendwa, kisha waongeze kishazi cha sababu. Watagundua kwamba hawawezi, maana hakuna aliyewaambia. Hapo watakuwa wamejifunza sarufi, na watakuwa wamejifunza pia la kumwuliza karani atakapowaambia warudi kesho.

Ruta haina cheo cha kulinda wala haioni haya. Ikimwacha jirani yake, humtajia nambari ya sababu kabla ya kunyamaza. Wenye kusimamia ruta hizo wanalipwa kwa karo za wazazi na kodi za wananchi. Si kuomba makuu kuwataka wasome nambari hiyo na kutuambia inasema nini.